DLC nilizonunua: zipi zimenilipa, zipi zimenila

Juzi nilifungua orodha ya manunuzi kwenye akaunti yangu ya gemu, nikashuka nayo hadi mwanzo. Gemu zenyewe hazikunishangaza. Kilichonishtua ni vile vijinyongeza vilivyojipanga katikati yake, yaani DLC, vitu vya ziada vya gemu vinavyouzwa kando na kupakuliwa mtandaoni: nguo za mhusika, bunduki ya rangi ya dhahabu, pasi ya msimu (unalipia nyongeza kabla hazijatoka) ya gemu ambayo sikuifikisha hata nusu, ramani za vita ambazo leo ukiingia unakaa peke yako kama mlinzi. Ndani ya rundo hilo zipo nne au tano ambazo ningezinunua tena kesho asubuhi, na moja naiona kabisa kuwa imeipita gemu iliyoizaa. Kwa hiyo nikiulizwa kama DLC zinafaa kuchezwa, najibu ndiyo, ila siku hizi kabla sijatoa hela naangalia kitu kimoja kuliko urefu na bei: ilitengenezwa lini.

Iliyonifundisha hivyo ni The Witcher 3. Gemu ilitoka Mei 2015, na Oktoba ya mwaka huohuo ikafuata nyongeza yake ya kwanza, Hearts of Stone. Nilikuwa nimeshaimaliza ile kubwa, nimekinai zile alama za kuuliza zilizotapakaa baharini kwenye ramani, nimeapa sirudi. Nikarudi kwa sababu ilikuwa imepunguzwa bei, sababu yangu ya kila siku.

Kazi ya kwanza unaambiwa uende kwenye mifereji ya maji machafu chini ya mji wa Oxenfurt ukaue chura mkubwa. Nikaingia kwa dharau. Mtu nimeshamaliza mazimwi ya kila namna, chura ataniambia nini? Akanitandika mara sita. Mara ya saba ndipo nikakubali kufungua begi, nikanywa dawa za sumu, nikapaka upanga mafuta, nikapigana kwa adabu. Saa moja ya kwanza ikawa imeshanieleza kwamba hawa watu hawakuja kunijazia muda.

Halafu ikaja harusi. Geralt, mwindaji wa mazimwi unayemwendesha, yule mtu wa uso mkavu asiyecheka, anapandwa na pepo. Ni roho ya marehemu mmoja, Vlodimir, mpenda anasa wa kupindukia, ambaye amepewa usiku mmoja tu wa kuponda raha kabla ya kurudishwa alikotoka. Mwili ni wa Geralt, anayeuendesha ni mwingine. Unacheza muziki, unaswaga nguruwe waingie zizini, unapiga mbizi kidimbwini kutafuta kiatu, unatupa maneno matamu kwa kila mwanamke anayepita, na Shani, uliyekuja naye, anajua kila kitu na anavumilia. Sauti ni ileile na makovu ni yaleyale, lakini anavyosimama, anavyonyanyua mikono akiongea, anavyocheka, siye. Niliweka padi chini nikamtazama tu.

Sasa jaribu kuiweka harusi ile ndani ya gemu kubwa. Haikai. Kule Geralt yuko mbioni kumtafuta Ciri, binti yake wa kulea, dunia inakaribia kuangamia, nani ana muda wa nguruwe? Nyongeza haibebi mzigo wa kuokoa dunia, kwa hiyo inaweza kukaa na watu wanne, watano, ikawachimba mpaka chini. Gaunter O'Dimm, adui wa hadithi ile, ananitisha mpaka leo kuliko majeshi yote ya gemu kubwa, na muda mwingi hafanyi lolote zaidi ya kuongea kwa upole.

Blood and Wine, nyongeza ya pili, iliyotoka Mei 2016, ndiyo niliyosema mwanzo kuwa imeipita gemu iliyoizaa. Ni nchi nzima mpya, Toussaint, yenye jua na mizabibu, na unapewa shamba lako mwenyewe. Tuzo za The Game Awards za 2016 ziliipa nishani ya gemu bora ya RPG (gemu za kuigiza mhusika na kumkuza), yaani nyongeza iliwapiku waliokuja na gemu kamili. Mimi ilinichukua karibu mwezi, jioni hadi jioni. Jinsi inavyomalizika sisemi. Nitasema tu kwamba nilikaa pale shambani nikamwacha Geralt apumzike, na mimi nikapumzika.

Kilichozifanya hizo mbili ziwe nzuri, kwa maoni yangu, ni kwamba mafundi walikuwa wameshaijua kazi. Zana wamezizoea, malalamiko ya wachezaji wameyasikia, kipi kinachosha wamekiona kwa macho yao. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa The Old Hunters ya Bloodborne, iliyokuja Novemba 2015, miezi minane baada ya gemu. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa kiwango cha kushangaza, kwa Cyberpunk 2077. Gemu hiyo ilizinduliwa Desemba 2020 ikiwa na kasoro nyingi hivi kwamba ndani ya siku chache Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, ikarudishwa Juni 2021. Nyongeza yake, Phantom Liberty, ikatoka Septemba 2023, na ni kama imetengenezwa na watu wanaolipa deni. Ni hadithi ya majasusi katika mtaa mmoja uliozingirwa, Dogtown, ambako kila anayekusaidia anakuficha jambo, na Idris Elba anaigiza jasusi mzee aliyetupwa akasahauliwa. Nililazimika kumsaliti mtu mmoja kati ya wawili, nikamsaliti, halafu usiku sikulala vizuri.

Hapa lakini niwe mkweli. Nusu ya sifa ambazo watu waliimwagia Phantom Liberty ni za sasisho la 2.0 la gemu kubwa, ambalo lilitoka siku chache kabla yake na lilikuwa bure kwa wenye gemu kwenye kompyuta, PS5 na Xbox Series. Mfumo mpya wa ujuzi, polisi wanaofukuza kwa akili, vyote hivyo hukuhitaji kununua chochote. Kama unataka tu gemu iliyotengenezwa ikatengenezeka, pakua sasisho, hela weka mfukoni. Na kama una PS4 au Xbox One usijisumbue, si nyongeza hiyo wala sasisho hilo lililotolewa kwenye mashine hizo.

Kinyume cha haya yote ni nyongeza iliyopikwa kabla gemu haijafika dukani. Mass Effect 3 ilitoka Machi 2012 na siku hiyohiyo ikauzwa kando From Ashes, yenye mhusika Javik. Javik ni Mprothean, mtu wa kabila la kale ambalo mfululizo mzima ulikuwa ukilisimulia kama limekwisha kabisa. Yaani mtu mmoja ambaye kila mchezaji alitamani kumhoji ndiye aliyewekwa nyuma ya mlango wa malipo. Ni kama ununue kitabu ukute sura moja imechanwa, na muuzaji anakuuzia sura hiyo palepale kaunta. Nilinunua, na Javik ni mtamu, ana maneno makavu ya kuchekesha, na hilo ndilo linalouma zaidi. Mwaka huohuo Street Fighter X Tekken ilikuwa na wapiganaji 12 ambao tayari walikuwa ndani ya diski, wamefungiwa, wanasubiri ulipie ufunguo.

Mapambo sitayasema sana. Babu yao anajulikana: ile deraya ya farasi ya gemu ya Oblivion, Aprili 2006, dola 2.50, farasi avae chuma. Dunia ilicheka, na wakati inacheka ikawa inanunua. Mimi nacheka nikiwa na bunduki ya dhahabu kwenye akaunti.

Elden Ring ni kesi ya peke yake, maana hapo kosa lilikuwa langu. Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, ilitoka Juni 2024, kwa dola 40, wakati gemu kamili ilianza kwa dola 60. Theluthi mbili ya bei, na kwa ukubwa wa ile ramani sina malalamiko. Nililipa siku ya kwanza, nikapakua usiku kucha, asubuhi nikakaa vizuri, nikawasha, nikatafuta pa kuingilia. Hakuna. Kumbe lazima uwe umewaua mabosi wawili, yaani maadui wakubwa, Radahn na Mohg, na Mohg ni bosi wa hiari aliyefichwa mahali ambapo mimi sikuwahi kukanyaga. Wenzangu wanatuma picha za nchi mpya, mimi natafuta njia ya kwenda kuoga damu ya Mohg. Wiki mbili.

Nilipoingia, askari wa kawaida, wa njiani, asiye na hata jina, akaniua kwa mapigo mawili. Leveli 150 niliyoihangaikia haikuwa na heshima yoyote kule. Nguvu za huko zinatokana na vipande vya Scadutree unavyookota vilivyotawanyika kwenye ramani, na mpaka uvikusanye wewe ni mgeni tu. Wengi walinung'unika. Mimi niliupenda mpango huo, kwa sababu ulinirudishia ule woga wa siku ya kwanza, na woga huo ndio nilioununua gemu kwa ajili yake. Ila ningeomba duka liandike sharti la kuingia kwa herufi kubwa, juu ya kitufe cha kulipia, na si mahali pengine.

Jingine ambalo hakuna anayekuonya ni mikono. Ukirudi kwenye gemu baada ya mwaka mmoja na nusu, vidole vimesahau. Unabonyeza kukwepa, mhusika anakunywa dawa. Nyongeza nyingi zinadhani umetoka kumaliza gemu jana, zinakutupa kwenye moto mkali. Sasa hivi kabla sijaanza DLC yoyote nacheza jioni moja ovyoovyo kwenye gemu kubwa, napiga vibaka tu wa njiani, mpaka vidole vikumbuke.

Na kuna hasara moja ya kijinga sana niliyoipata, naisema ili isikupate. Nilinunua diski iliyotumika, safi, bei poa. Nikapenda gemu, nikanunua DLC yake kwenye duka la mtandaoni la konsoli. Hela ikakatwa, ikapakuliwa, nikawasha, gemu ikajifanya haijaona kitu. Nikafuta, nikapakua tena. Kimya. Siku tatu baadaye nikagundua kuwa diski ni ya kanda moja ya dunia na akaunti yangu ni ya kanda nyingine, na vitu hivyo havisalimiani. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakanijibu kwa upole mwingi kwamba kwa kuwa nimeshapakua, hakuna kurudishiwa. Ninayo mpaka leo, inakula nafasi ya diski. Kwenye kompyuta kuna nafuu kidogo: Steam hukubali kurudisha hela ya DLC ndani ya siku 14 ikiwa gemu hujaicheza saa mbili tangu uinunue, ingawa zipo ambazo utaratibu huo hauzihusu.

Pasi za msimu nimeacha. Nimeshalipia ahadi mara tatu, na moja kati ya hizo ilinipa mavazi mawili, modi ya mawimbi ya maadui, na hadithi fupi iliyochelewa mpaka nikawa nimeshaiuza konsoli. Moja tu ninayoitoa kwenye kundi hilo ni ya Mario Kart 8 Deluxe, ambako njia za mbio 48 zilikuja kwa mafungu kati ya 2022 na 2023, na jumla ikafika 96. Hapo ulijua unachonunua: barabara zaidi. Nyumba yenye watu wanne hugombania padi mwaka mzima.

Iliyobaki kwenye foleni yangu ni Echoes of the Eye, nyongeza pekee ya Outer Wilds, ya 2021. Nimeianza mara mbili. Unapanda chelezo, unaelea kwenye mto ndani ya chombo kikubwa kimya, mkononi una taa, na gemu ile ile ambayo kwa saa 20 ilinifundisha kutoogopa anga inaanza kunifundisha kuogopa giza. Kuna mpangilio wa kupunguza vitisho, nimeuwasha. Mara ya mwisho ilinibidi nizime taa ili nione kilichokuwa upande wa pili. Nilizima konsoli.