Usukani wa trekta unayumba: tairodi endi au bushi?

Massey Ferguson 135 likianza kutikisa usukani barabarani, wengi hukimbilia tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho wa fito inayovuta gurudumu likate kona. Si vibaya, maana kuibadilisha ni kazi nyepesi: unachomoa pini, unafungua nati, unagonga kwa pembeni jicho la steringi amu (mkono wa chuma unaogeuza gurudumu) na kiungo kinaachia. Hesabu mizunguko unapoifungua endi kutoka kwenye fito yake ili mpya ikae palepale, la sivyo magurudumu yatapishana na tairi zitalika upande mmoja.

Bushi za spindo, yaani vibomba vinavyoishika spindo (mhimili wa gurudumu la mbele) ndani ya ekseli, ni shughuli nzito. Ekseli inapigwa jeki, spindo inashushwa, bushi kuukuu zinagongwa nje. Na kama spindo yenyewe imelika, bushi mpya peke yake ni kutupa hela. Ipeleke kwa fundi wa kukereza vyuma.

Kabla ya kununua chochote, inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, kaza kwanza beringi za habu (kitovu cha gurudumu). Spindo ikiendelea kuyumba ndani ya ekseli, ni bushi. Mchezo ukiwa wa kushoto na kulia tu, kagua endi. Trekta lililonyimwa grisi miaka mingi (na yako mengi), mimi ningeanza na bushi, gharama au si gharama.