Makumbusho ya Wasukuma, Bujora: ngoma za watemi na padri aliyezitafutia makao

Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, Kisesa, umbali wa kilomita 18 hivi kutoka katikati ya jiji la Mwanza, ndipo mahali ambapo ningempeleka kwanza mgeni anayedhani kuwa mkoa wetu ni sangara, mawe na feri tu. Majengo yake si makubwa wala si ya kisasa, na anayetafuta vioo vyenye taa na skrini za kugusa hatavipata. Ubora wake uko katika jambo jingine: vitu vilivyomo vilikusanywa na kuachwa Usukumani, jirani na koo zilizovitumia, na anayevitazama leo anaweza kuwa mjukuu wa aliyevichonga.

Mpango huo ulianzishwa na Padri David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, naye akalichukua na kulitumia pamoja na jina lake la kuzaliwa. Katika miaka ya 1950, akiwa padri wa Bujora, alianza kukusanya vyombo, masimulizi na nyimbo kwa kushirikiana na Wasukuma wenyewe, akawa mchungaji wa parokia na msimamizi wa mkusanyiko kwa wakati mmoja. Wamisionari wengi waliomtangulia waliwataka waumini wachome hirizi na vifaa vya matambiko kabla ya kubatizwa. Yeye alivijengea nyumba. Ikumbukwe pia kwamba alianza kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa kuanzia 1962 hadi 1965, ambao ndio ulioyafanya mambo ya namna hiyo yaonekane ya kawaida ndani ya Kanisa Katoliki.

Uamuzi wake unaeleweka vizuri zaidi unapolinganishwa na wa wakusanyaji wengine. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, aliandika mengi kuhusu sheria na mila za Wasukuma, lakini makaratasi yake yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo mwanafunzi wa Magu au Misungwi anayetaka kuyasoma hana budi kusafiri hadi pwani. Nchini Marekani, tajiri George Gustav Heye alinunua vitu vya mataifa ya wenyeji wa bara hilo kwa zaidi ya nusu karne, akaanzia na shati la ngozi la Wanavajo mwaka 1897, na mwaka 1922 akayafungua makumbusho yake jijini New York, mbali sana na wengi wa waliovitengeneza. Sheria ya kuuhamishia mkusanyiko huo kwenye taasisi ya taifa ilipitishwa mwaka 1989, na mwaka uliofuata ikaja nyingine ya kuyawezesha mataifa hayo kudai mifupa ya wazee wao na vitu vyao vitakatifu. Bujora haikuhitaji kuzunguka safari ndefu kiasi hicho ili kufika nyumbani.

Banda la kulianza ni lile la ngoma za watemi, lililojengwa kwa umbo la kigoda alichokalia mtemi, yaani mtawala wa jadi wa Kisukuma. Ngoma hizo hazikuwa za kuchezea harusini. Zilikuwa sehemu ya utawala wenyewe, na zilikuwa na watunzaji wake. Watemi wa Usukuma walikuwa na shirikisho lao lenye makao yake Malya, na serikali ya Tanganyika huru ilipoufuta utemi kisheria mwaka 1963, vyombo hivyo vilipoteza kazi yake ya kiserikali kwa mkupuo mmoja. Kama pasingekuwa na mahali pa kuvipokea, sina shaka kwamba vingi vingeliwa na mchwa au vingeuzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale. Hata hivyo, ngoma ya mtemi iliyowekwa ili itazamwe na kila mwenye tiketi imekwishavuliwa kitu fulani, na mtazamaji makini ataliona hilo bila kuhitaji kuambiwa. Sioni kwamba Clement alikosea. Naona alichagua hasara iliyo ndogo.

Banda la vyama vya ngoma ndilo lililonivutia kuliko yote. Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika tangu zamani katika pande mbili, Wagika na Wagalu, zinazofuata nyayo za waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Pande hizo hushindana uwanja mmoja na wakati mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Ndiyo maana dawa za mvuto zina uzito ule ule wa ufundi wa miguu na sauti. Humo utaelewa kwa nini bugobogobo huchezwa kwa majembe, na kwa nini Wabayeye hucheza na chatu: wa kwanza walikuwa vikundi vya kulimiana mashamba, na wa pili ni wajuzi wa nyoka na wa tiba ya sumu yake. Mtu akikupa saa moja tu ya kukaa Bujora, itumie hapa.

Usilipite bure pia lile gurudumu la kuzungushwa linaloonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na hesabu yake, isiyojulikana na rika jingine, na kwa hesabu hiyo watu walitambuana. Nyumba ya msonge, karakana ya mhunzi na nyumba ya mganga zinapendeza, ingawa mtu aliyekulia kijijini hatakaa sana.

Kanisa liko pale pale katika eneo la makumbusho. Ni la mviringo kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma, na ndani yake alama za enzi ya mtemi zimeingizwa katika ibada ya Kikristo. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuuvalisha ukristo joho la watemi, na wapo watakaosema kinyume chake. Mimi naliona kuwa jengo lenye mawazo mengi kuliko makanisa kadhaa makubwa zaidi ya jijini.

Kwa usafiri, daladala za Kisesa zinatosha, kisha bodaboda kwa kipande cha mwisho. Njiani utapita Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, na si vibaya kushuka hapo kwanza. Omba mwongozaji, kwa kuwa bila maelezo vyombo vingi hubaki kuwa miti na ngozi, na ukiweza nenda na bibi au babu anayekijua Kisukuma, kwani atamwuliza mwongozaji maswali ambayo wewe hungeyafikiria. Anayetaka kuonyeshwa ngoma au kufundishwa kuzipiga atoe taarifa siku kadhaa kabla.

Nyakati za kwenda ni mbili, na hazifanani. Siku za kawaida zinawafaa wanafunzi na watafiti, kwa sababu ya utulivu. Siku za Bulabo, tamasha linalofungamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, zinamfaa anayetaka kuwaona Wagika na Wagalu wakishindana kwelikweli, mradi awe tayari kwa vumbi, umati na jua la mchana kutwa. Tarehe huhama kila mwaka kwa kuifuata Pasaka na mara nyingi huangukia mwezi Juni, kwa hiyo iulizie mapema parokiani kabla ya kukata tiketi ya basi.