Sensa ya temperecha ya injini: ipi ununue ukiwa Mbeya na ipi uiache dukani

Wenye haraka jibu hili hapa: kama gari yako ni Toyota hizi za kila siku, IST, Noah, Premio, Probox na ndugu zao, tafuta sensa OG (orijino) ya Denso, kampuni ya Japan, ukiikosa au mfuko umebana chukua used ya Japan lakini ipimwe ukiwa umesimama pale pale, na ile mpya ya bei ya kutupa isiyo na jina iache kwenye kikapu chake. Najua kuna watakaobisha kwamba used haiwezi kuizidi mpya. Kwa sensa inaizidi, na pimo la kuthibitisha nimeliweka huko chini.

Ila kwanza hakikisha unachoumwa ni sensa kweli maana huku kwetu gari ikipandisha mshale wa temperecha kidogo tu ukipanda Mlima Nyoka au Kitonga, mtu wa kwanza kuisogelea anasema "sensa hiyo", unatoa hela, unafunga, kesho inachemsha tena. Sensa inapima maji yanayoigusa tu. Maji yakipungua au hewa ikibaki kwenye mfumo baada ya kubadilisha rejeta, ncha yake inakaa kwenye hewa na inadanganya, unaweza ukaunguza gasketi huku mshale umetulia katikati kabisa. Kwa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi (baridi nimesema, ya moto mfuniko wa rejeta usiuguse) fungua uangalie maji yamefika juu ama la, hiyo ni bure.

Sensa mbovu yenyewe ina tabia zake. Asubuhi za Juni pale Uyole gari inagoma kuwaka, au inawaka na moshi mweusi na harufu ya petroli, mafuta inakunywa, feni inazunguka muda wote hata kama umewasha sasa hivi, na taa ya cheki injini imekaa. Ni kwa sababu kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapanga mafuta kwa kufuata joto inaloambiwa, ikiambiwa kuna baridi kali inamwaga petroli tu. Mwenye kidude cha ELM327 (kinachochomekwa kwenye gari kikasoma kompyuta yake kwenye simu) ana njia rahisi sana: gari ikiwa imelala usiku kucha, washa swichi bila kustarti, angalia temperecha ya maji na ya hewa inayoingia kwenye injini. Zinatakiwa zikaribiane. Ukiona hewa 12 na maji yanasoma 45, umempata mwizi. Ukiona maji yanasoma -40 na kodi ya hitilafu P0118, hapo tulia, mara nyingi ni waya umekatika au plagi imechomoka, na P0117 ni waya umegusana, kwa hiyo fuata waya kwanza kabla ya kwenda dukani. Panya wa stoo za mahindi wanapenda hizo waya balaa.

Haya, namba moja ni OG. Kwa Toyota namba ya sensa hii inaanza na 89422 halafu zinafuata tarakimu tano, na hizo tano ndizo zinazotofautisha, kwa hiyo usiende na neno "sensa ya Noah" mdomoni, nenda na ya zamani mkononi au namba ya chesisi. Boksi lisikutishe, boksi la Denso linachapishwa na yeyote mwenye printa. Angalia sensa yenyewe: shaba safi, nyuzi za kufungia hazina vinyweleo, plastiki ya plagi imekaa imara haichezi ukiitikisa, maandishi yamekaa sawa. Bei yake inauma, ila ukishaifunga unaisahau kwa miaka.

Namba mbili ndiyo used, zile zinazochomolewa kwenye injini za Japan, Mwanjelwa na Sido hukosi. Ni OG ile ile, imetumika tu, na ndani haina kitu kinachozunguka kikaisha. Kagua plagi isiwe imepasuka, pini zisiwe na kutu ya kijani, basi, nenda kwenye kipimo.

Namba tatu ni mpya za kampuni nyingine zenye jina na namba ya spea iliyochapwa kwenye sensa, siyo kwenye karatasi tu. Hizi sina ugomvi nazo, kwa gari za Ulaya ndiyo unazopata mara nyingi. Namba nne ni zile za kwenye nailoni, ziko kumi kwenye mfuko mmoja, unaweza kupima mbili za mfuko huo huo zikakupa majibu mawili tofauti, halafu muuzaji anakwambia zote sawa.

Kipimo chenyewe ni hiki. Omba mita ya fundi umeme, weka kwenye ohms, shika pini mbili za sensa. Ikiwa na joto la kawaida la dukani, kama nyuzi 20 hivi, Toyota nyingi zinatakiwa zisome kati ya kilo-ohm 2 na 3. Halafu nunua chai, sijatania, au omba maji ya moto ya chupa, chovya ncha tu bila kulowesha plagi. Namba inatakiwa ishuke taratibu bila kurukaruka, kwenye nyuzi 80 iwe kati ya ohm 200 na 400. Ikiganda au ikiruka rudisha. Kumbuka pia kwamba Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo usisubiri birika likupe 100. Kwa sababu hiyo hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea huku unaumiza zaidi kuliko Dar, ule mgandamizo wake ndiyo unaozuia maji kuchemka mapema.

Kingine, gari za zamani kidogo zina sensa mbili: yenye waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi, yenye waya mbili ni ya kontroli boksi. Watu wananunua moja wakitegemea itibu ugonjwa wa nyingine. Na ile ya waya mmoja usiizungushie tepu nyingi ya bomba, inapata erthi yake kupitia nyuzi. Kufunga tumia soketi ndefu namba 19 kwa Toyota nyingi, weka washa (pete ya kuzibia) mpya, kaza kistaarabu, hedi ni aluminiamu. Ukimaliza jaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) na utoe hewa.

Nje ya orodha kabisa kuna "dawa" mbili unazouziwa gereji: kuunga feni dairekti izunguke muda wote, na kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sisi wa nyanda za juu. Injini isiyo na themostati ikitembea Makambako kwenda Njombe asubuhi haifiki joto lake, kontroli boksi inaendelea kuongeza mafuta, na injini inalika mapema. Na maji ya bomba matupu kwa anayelaza gari Kitulo au Makete mwezi wa Julai, kwenye barafu ile, anahatarisha bloku, weka kulanti nusu kwa nusu.

Wenye Passo na Vitz zisizo na mshale, zile za kitaa cha bluu na chekundu tu, hela inayobaki nunueni hicho kidude cha ELM327, maana taa nyekundu ikiwaka mnakuwa mmeshachelewa.