Kalkulasi kwanza au masomo ya jumla kwanza?
Kwa mnaosoma komyuniti koleji (chuo cha miaka 2) hapa California mkitaka kuhamia chuo kikuu kusoma fizikia au astronomia: wengi watakwambia maliza historia na insha kwanza, ni nyepesi na GPA (wastani wa alama) inapanda, sawa, ila mi naona utajichelewesha bure. Kalkulasi 1 ndo inafungua mekanika, ya 2 inafungua umeme na sumaku, afu kuna ya 3, linia aljebra na difrensho ikwesheni, hesabu nazo, zinafuatana kama ngazi. Niliichora nyuma ya daftari, mishale kutoka muhula hadi muhula, ikajaa miaka 2 yote. Ukichelewa kuanza unaingia mwaka wa 3. Historia haina foleni, ichomeke popote. Fungua ASSIST, tovuti inayoonyesha masomo ya koleji yanayokubalika vyuo vikuu vya umma vya California, angalia chuo unachokitaka wanadai nini.