TAHADHARI: Muuza "vitabu vya Mjerumani" na vinyago vya kale, Mtwara na Lindi

Ndugu zangu mnaopenda vitu vya kale, kuna jamaa anazunguka Mtwara mjini na Mikindani, na sasa nasikia ameshafika Lindi. Jina lake silitaji, maana kila mteja anampa jina tofauti. Hadithi ni ile ile: babu yake wa Newala alikuwa karani wa Mjerumani, sanduku lake limefunguliwa juzi, ndani kuna vitabu na kinyago. Kwa vitabu alivyokwisha kuuza, babu huyo alikuwa na maktaba.

Anachokisukuma zaidi ni "Desturi za Wasuaheli" cha Mjerumani Carl Velten, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Kitabu hicho kipo kweli, na nakala halisi ina bei yake. Nilichoonyeshwa mimi ni fotokopi iliyojaladiwa vizuri na kuchovywa kwenye chai. Karatasi kuukuu huanza kukolea rangi pembezoni. Ile ilikuwa kahawia sawasawa hadi kwenye mshono. Halafu papaseni nyuma ya ukurasa. Mitambo ya zamani ilikandamiza herufi za risasi kwenye karatasi, mara nyingi vidole vinahisi. Hapa palikuwa laini tupu, na wino unang'aa ukiinamisha kitabu kwenye mwanga. Kilichonichekesha ni muhuri wa maktaba ya Ulaya ukurasa wa kwanza, mweusi, umefotokopiwa pamoja na maandishi. Kwenye sanduku la Newala ulifikaje?

Kinyago nacho anakiita lipiko la jando, yaani barakoa ya ngoma ya Wamakonde. Kimechongwa kwa mpingo! Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mtu anacheza nalo kichwani. Hilo la kwake lingemvunja mchezaji shingo. Ndani halina hata alama ya jasho, ni masizi na harufu ya kiwi ya viatu.

Lakini ujanja wake mkubwa ni mnong'ono. Anakwambia, "Kaka, hii ni nyara ya Serikali, usimwonyeshe mtu, tutafungwa wote." Hapo mnunuzi hatafuti ushauri, na akishalizwa anaogopa kwenda polisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inalinda pia milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Kitabu cha 1903 kutoka Ujerumani hakihitaji kunong'onezwa. Kama kweli mtu anakuuzia kitu cha wizi, utakipoteza tu: barakoa ya Kimakonde iliyoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 ilinunuliwa na makumbusho ya Geneva, na mwaka 2010 ikarudishwa nyumbani.

Malipo anataka kishika uchumba kwa simu, upesi, eti kuna Mzungu anakuja kesho na gari kutoka Dar. Dada mmoja wa Shangani alituma, akaletewa kifurushi kwa basi: magazeti yaliyofungwa kwa kamba. Namba imezimwa.

Kabla hujabonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu ulilinganishe na alilokupa. Na waliokwisha kutuma, msifute ujumbe wa muamala. Tunakusanya ili twende kituoni kwa pamoja, niandikieni inboksi.