English Vinglish au Queen: uanze na ipi?

Kati ya filamu hizi mbili za Kihindi, ukiniuliza mimi, anza na English Vinglish (2012). Gauri Shinde hakuwa ameongoza filamu ndefu kabla ya hapo, na kisa alikichota kwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiuza achari. Nyota wake, Sridevi, naye alikuwa amekaa nje ya sinema takriban miaka 15. Anaigiza Shashi, mpishi hodari wa ladu ambaye mumewe na bintiye humcheka kwa kutojua Kiingereza. Tazama pale mgahawani New York: muuzaji anamrushia maswali kama mvua, foleni nyuma inanung'unika, naye anatoka mbio akilia. Kosa lake ni kutaka kahawa tu! Ilipooneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, watazamaji walisimama kupiga makofi.

Queen ya Vikas Bahl iliingia kumbi za India Machi 2014, na ina vurugu zaidi. Rani anaachwa na mchumba harusi ikiwa mlangoni, hina bado mbichi mikononi, basi anakwenda fungate peke yake, Paris kisha Amsterdam. Kangana Ranaut, anayemwigiza Rani, alishiriki pia kuandika mazungumzo, na hilo linasikika: Rani anaropoka kama binti wa jirani. Kwa tuzo, Queen iko mbele, kwani Kangana alipata Tuzo ya Taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike, na filamu ikazoa tuzo kadhaa za Filmfare.

Nyimbo? Za filamu zote mbili ni za mtunzi Amit Trivedi, hapo huna cha kuchagua. Ila kama umeachwa juzi, nenda moja kwa moja kwa Rani.