PKNCA: programu ya bure ya kuchambua mwenendo wa dawa mwilini

Kwa watafiti wa dawa walioko Dodoma, ambao bajeti ya mradi mara nyingi huishia kwenye vitendanishi na posho kabla haijafika kwenye leseni ya programu, PKNCA inastahili kutazamwa kwa makini. Ni kifurushi cha R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kilichoasisiwa na Bill Denney, hakilipiwi, na kikishapakuliwa hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato bila intaneti, jambo ambalo anayejinunulia bando mwenyewe atalithamini.

Unakipa majedwali mawili, moja la saa za kuchukua damu na ukolezi wa dawa uliopimwa, jingine la dozi, nacho hukokotoa kilele cha ukolezi, saa ya kilele, eneo chini ya mkunjo wa ukolezi kadiri saa zinavyopita, na nusu-maisha ya dawa, yaani muda ambao ukolezi hupungua kwa nusu. Nimekipima kwa data za mazoezi za ALu, dawa ya malaria yenye artemetha na lumefantrini, ninazofundishia, kwa sababu dawa hiyo mseto ina tabia mbili zinazopingana: nusu-maisha ya artemetha ni kama saa 2 tu, ilhali ya lumefantrini ni siku 3 hadi 6. Mgonjwa mmoja wa mfano alikuwa na vipimo viwili tu vya artemetha baada ya kilele. Mahali pa nusu-maisha yake programu iliacha wazi na kutoa onyo kwamba nukta hazitoshi, kwani inahitaji zisizopungua 3, na kilele chenyewe hakihesabiwi. Jedwali la kawaida la kompyuta lingepitisha mstari katika nukta hizo mbili bila haya yoyote.

Kasoro yake kubwa ni mipangilio inayokuja nayo. Isipoelekezwa vinginevyo, vipimo vilivyo chini ya kiwango ambacho mashine ya maabara inaweza kupima vikitokea katikati ya mfululizo huondolewa, na mwanafunzi asiyesoma maelezo atawasilisha matokeo asiyoweza kuyatetea mbele ya msimamizi wake. Maonyo yote ni ya Kiingereza, na hakuna vitufe vya kubonyeza. Lazima uandike msimbo. Mfamasia aliyezoea Phoenix WinNonlin, programu ya kulipia yenye vitufe, atanung'unika wiki za mwanzo, na ana haki. Anayelinganisha dawa mbili ajue pia kwamba kile kigezo cha asilimia 80 hadi 125, kinachoamua kama dawa hizo zinalingana mwilini, atakikokotoa kwingine.

Ningekipendekeza bila kusita kwa utafiti ambao kila mshiriki ametolewa damu mara nyingi kwa saa zilizopangwa. Kwa utafiti wa zahanati za vijijini, tuseme Bahi au Kongwa, ambako mtoto hutolewa tone moja siku ya 7 ili kupima lumefantrini, hakifai, kwani tone moja halichori mkunjo. Huko zinahitajika modeli za kundi zima la wagonjwa, na nlmixr2, kifurushi kingine cha R ambacho nacho ni cha bure, ndicho cha kuanzia.